Mtu wa Mlangoni: Niliyojifunza Juu ya Matangi ya Molasi

Kila mwaka kiwanda cha sukari huzimwa kwa wiki kadhaa ili kioshwe na kukarabatiwa. Matrekta ya miwa hupumzika, na makontrakta huleta vibarua kutoka kila pembe ya ukanda wetu: Mumias, Butere, Muhoroni, Ahero, hata Kisumu mjini. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi hii. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikauza makaa Kondele mpaka mtaji ukakatika, ndipo binamu yangu akaniambia kuna kibarua cha kuosha matangi ya molasi, ile shira nzito inayobaki sukari ikishatolewa. Malipo shilingi 700 kwa siku, chai ya saa nne bure.

Nilidhani nitashuka na ndoo na sepetu kama wengine. Badala yake nilipewa daftari, filimbi na kamba, nikaambiwa nikae juu ya tangi, kwenye mdomo wake. Wenzangu waliona nimependelewa. "Huyo amepewa kazi ya kukaa," walisema, na siku za mwanzo niliona haya, maana wao walitoka wamelowa jasho na molasi mpaka kwenye nyusi, mimi nimekauka. Sasa nimefanya kazi hii misimu mingi na kusomea usalama kazini, na naamini kwa moyo wote kwamba ile ndiyo kazi kubwa kuliko zote pale. Ndiyo pia inayokosekana karibu kila mahali ninapoona watu wakishuka kwenye mashimo, visima na matangi huku kwetu.

Aliyenifunza alikuwa fundi mzee wa boila, mtu wa maneno machache. Aliniambia: "Andika jina la anayeingia na saa aliyoingia. Akitoka, andika. Msemeshe kila baada ya dakika chache, na usikubali jibu la kuguna. Muulize kitu cha kufikiria, kama ndoo ngapi zimebaki. Usiondoke hata kwenda haja mpaka mtu mwingine ashike filimbi na kamba ukimwona." Kisha akanikazia macho. "Na usiingie. Hata mimi nikianguka humo, usiingie. Nivute kwa kamba ukiwa nje, au uite watu. Nikifa, nife peke yangu."

Maneno hayo yalinikera. Kwetu mtu akitumbukia shimoni, unaruka. Anayesimama pembeni kutazama atasemwa mpaka kwenye matanga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mzee hakuwa ananifundisha woga. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo yaliyofungwa walikuwa watu waliokwenda kuokoa wenzao. Ndiyo maana habari hizi zikitangazwa redioni, mara nyingi si za mtu mmoja. Ni ndugu wawili, ni baba na mwanawe, ni vibarua watatu ndani ya shimo moja, na waliofuata baada ya wa kwanza wote waliingia kwa upendo.

Asiyejua kiwanda huuliza: molasi ni tamu, ng'ombe wanalambishwa, itamuuaje mtu? Ikiwa nzito ilivyo hukaa muda mrefu bila kuchacha. Hatari huja ikiongezwa maji, na kuosha tangi ni kuiongeza maji. Mama yeyote aliyewahi kutayarisha chang'aa anajua pipa la molasi na maji likiachwa mahali pa joto hufanya nini: linatoa povu, linachemka bila moto. Gesi inayotoka kwenye povu lile ni kaboni dayoksaidi. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama chini, mahali hasa ambapo mtu anainama kuchota mabaki. Na hata tangi tupu lina yake: chuma kinapopata kutu hula oksijeni, hivyo tangi lililofungwa miezi mingi huwa na hewa pungufu ingawa hakuna kitu ndani.

Kabla mtu hajaingia kuna kazi ya kuzima njia zote. Kufunga valvu pekee hakutoshi, maana valvu huvuja, na mtu mwingine upande wa pili wa kiwanda anaweza kuifungua bila kujua kuna watu ndani. Kipande cha bomba hutolewa, au sahani ya chuma huwekwa katikati ya maungio. Swichi ya pampu na ya kikorogeo hutiwa kufuli, na ufunguo anakaa nao yule anayeingia, mfukoni mwake. Bomba la mvuke ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Taa ziwe za volti ndogo, kwa sababu ndani ya chuma chenye maji waya uliochunika ni kifo. Haya yote huandikwa kwenye kibali cha kazi, na kibali kina saa ya mwisho. Kikiisha, watu wanatoka, na hewa inapimwa upya kabla hawajarudi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Lilikuwa tangi dogo la pembeni, lenye mdomo juu na ngazi ya kushuka ndani. Lilikuwa limeoshwa kwa maji ya vuguvugu jana yake mchana, na chini, kuzunguka mabomba ya kupashia joto, maji ya molasi yalibaki kama kimo cha kifundo cha mguu. Usiku mvua ilinyesha, mtu akafunika mdomo kwa turubai. Asubuhi msimamizi wa kontrakta alishusha mashine ya kupimia hewa. Juu ilisoma oksijeni asilimia 20.8. Chini kabisa, 19.8. Mashine hizo huwekwa zilie oksijeni ikishuka chini ya 19.5, kwa hiyo haikulia. Gesi za kulipuka, sifuri. Sumu zile mbili nyingine inazopima, sifuri. Akatia sahihi.

Aliyeshuka alikuwa kijana wa Butere, mdogo kwa umri lakini mwenye nguvu, akiwa amevaa mikanda ya mwili na kamba yangu mgongoni. Juu ya mdomo palikuwa na stendi ya miguu mitatu yenye winchi. Kaka yake mkubwa alikuwa pale nje akipokea ndoo.

Mwanzo tuliongea vizuri. Kisha nikaanza kusikia pumzi zake kabla ya maneno yake. Akasema ndani kuna joto, kichwa kinamgonga. Nikamwambia apande. "Ngoja nimalize hii ndoo." Nikamuuliza zimebaki ngapi. Akanijibu, "Jumanne." Nikavuta kamba na kupiga filimbi, na kabla sijaitoa mdomoni alikuwa ameketi kwenye matope, akalala ubavu.

Filimbi ilileta watu, mmoja akarukia mpini wa winchi. Lakini kaka mtu alikuwa karibu kuliko wote, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nilimkumbatia kiunoni nikajitupa nyuma naye. Alinipiga kwa kiwiko, alinirarua shati, alikuwa akilia, "Ni mtoto wa mama yangu! Ni mtoto wa mama yangu, niache!" Sikumjibu kitu. Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika tu, na mtu wa pili akaja kunisaidia kumshika, na winchi ikaendelea kulia meno yake moja moja. Kama angeshuka, ngazi ingezibwa na mwili wake, kamba ingenasa, na tungekuwa na wawili chini na kamba moja.

Kijana alitoka midomo imebadilika rangi. Tulimlaza ubavu penye upepo, akakohoa, akatapika, akafungua macho. Hospitalini alilazwa usiku mmoja akiwekewa oksijeni, akaruhusiwa. Alipona kabisa. Hakukumbuka kuniambia Jumanne.

Lililobaki nataka lisomwe polepole, hasa na wale ambao tayari wana mashine na wanaiamini. Mhandisi wa usalama wa kiwanda alikuja jioni, akachukua chaki, akatuandikia ubavuni mwa tangi. Hewa safi ina oksijeni asilimia 20.9, yaani karibu sehemu moja kati ya tano. Gesi ngeni ikiingia tangini haisukumi oksijeni peke yake nje, inasukuma hewa yote. Kwa hiyo oksijeni ikipungua kwa asilimia moja, ujue asilimia tano ya kitu kingine imeshaingia. Pale chini ilisoma 19.8. Imepungua moja na kidogo. Maana yake pale chini palikuwa na zaidi ya asilimia tano ya gesi nyingine, na kwa kuwa ni molasi iliyochacha, gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi. Asilimia nne tu ya gesi hiyo huhesabiwa kuwa ni hatari ya papo hapo kwa maisha. Kisha kijana akaanza kuchota, akayavuruga yale maji, gesi nyingine ikafumka usoni mwake. Mashine ya kawaida ya gesi nne hupima oksijeni, gesi za kulipuka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Kaboni dayoksaidi haimo. Haikudanganya, hatukuwa tumeiuliza.

Tangu siku hiyo sisubiri mashine ilie. Nasoma namba. Ikiwa si 20.9, au karibu sana nayo, nauliza kilichokaa mahali pa hiyo oksijeni ni nini, na mpaka nipate jibu hakuna anayeshuka. Penye kitu chochote kinachochacha, iwe molasi, pombe, malisho ya ng'ombe yaliyofukiwa au nafaka mbichi ghalani, naomba mashine yenye kipimo cha kaboni dayoksaidi. Napima juu, katikati na chini, kwa mpira mrefu, nikisubiri kila mahali mpaka namba itulie. Mashine inajaribiwa kila asubuhi kwa gesi inayojulikana, kwa sababu vipimo vyake huchoka na kufa kimyakimya, na kipimo kilichokufa husoma sifuri nzuri sana. Feni inapuliza hewa safi mpaka chini, na haizimwi watu wakiwa ndani. Na nitasema hili kwa mafundi wa kulehemu: usifungue mtungi wa oksijeni ndani ya tangi eti uburudishe hewa. Oksijeni ikizidi asilimia 23.5, ovaroli na nywele hushika moto kwa cheche moja.

Kuhusu yule kaka. Hakunisemesha msimu wote. Tulikula githeri meza moja akanipa mgongo. Nililala vibaya kwa wiki nyingi, nikisikia ile winchi, na pia nikijiuliza ningekuwa mtu wa namna gani leo kama kamba ingekatika na mimi ndiye niliyemzuia. Kontrakta hakutoa siku ya mapumziko wala mtu wa kuzungumza nasi. Nilichofanya ni kwenda kwa yule fundi mzee jioni, tukakaa, akanisimulia watu wake wawili aliowapoteza zamani kwenye shimo moja. Msimu uliofuata kaka mtu alinijia mwenyewe. Aliniambia alijua siku ile ile kwamba nilifanya sawa, ila hakuweza kuvumilia kwamba mtu baki ndiye aliyemfahamu mdogo wake anavyopaswa kuokolewa. Basi ukiwa na ndugu kazini, msiwekwe mmoja ndani na mmoja mlangoni. Mwombe msimamizi awatenganishe. Hakuna anayepaswa kutiwa kwenye jaribu lile.

Tatizo ni kwamba kiwandani angalau kuna kibali na winchi. Nyumbani hakuna. Kule Vihiga na Kakamega kisima huchimbwa na kuzibuliwa na watu wawili, ndoo na kamba. Nimemkuta jirani akishusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji, na kijana akijiandaa kuifuata. Injini ile hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu yoyote, na kisima hakina pa kuitolea. Pampu ya injini ikae juu, mbali, upande upepo unakoelekea, na mpira tu ndio ushuke. Vivyo hivyo kompresa: ikiwa inavuta hewa karibu na ekzosi yake, unampulizia mtu sumu huku ukidhani unamsaidia.

Wazee hushusha koroboi, ikizimika wanasema hewa ni mbaya. Ni kweli ikizimika hewa ni mbaya. Lakini moto huzimika oksijeni ikiwa imeshuka mpaka karibu asilimia 16, na hapo akili ya mtu imeshaanza kumpotea. Tena koroboi huwaka vizuri tu penye kaboni monoksaidi ya kuua, na penye gesi ya choo inaweza kulipua shimo zima, maana methani ikifika asilimia 5 ya hewa inatosha kulipuka. Wengine hushusha matawi na kuyapandisha ili kukoroga hewa. Hiyo haipimi chochote.

Choo ndicho kibaya kuliko vyote. Manyatta na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, vichochoro ni vyembamba, lori la eksosta, lile la kunyonya vyoo, haliingii, kwa hiyo kuna vijana wanaotapisha mashimo kwa mkono, usiku, kwa ndoo. Nawaheshimu sana, wanafanya kazi ambayo mji wote unaihitaji na hakuna anayetaka kuwasalimia kwa mkono. Kinachowaua ni haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikifika sehemu 100 kwa kila milioni au zaidi, pua inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imekuwa nzuri. Ukikoroga kinyesi kilichoganda hufumka kwa wingi ghafla, na pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu. Kitambaa puani na barakoa ya vumbi havizuii gesi yoyote. Njia salama ni kutoingia: pampu ya mkono inayonyonya kutoka juu, bomba refu la lori, au fimbo ndefu. Nakuru kuna shida ya pili juu ya hiyo: udongo wa majivu ya volkeno ni mwepesi, na shimo lisilojengewa kuta linaweza kumfukia mtu kabla gesi haijamfikia.

Mwenye nyumba za kupanga, nakuomba nawe. Unapomwita kijana kutapisha shimo kwa sababu lori limekuwa ghali, muulize atashukaje na atatokaje. Kama jibu la pili hana, usimlipe kushuka. Ongeza pesa lori lije.

Kukataa kuna gharama, sitawaficha. Miaka michache baadaye, kwenye kazi ya kontrakta mwingine, nilikataa kuruhusu watu waingie kwa sababu winchi ilikuwa imepelekwa tangi jingine. Niliambiwa niende nyumbani siku hiyo hiyo, na nilikaa bila kazi mpaka kodi ya nyumba ikanishinda. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa aliyoiona, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Kibarua wa siku hana wakili. Lakini nimeona kwamba kukataa kwa watu watatu pamoja, kwa heshima, mbele ya daftari lililoandikwa saa na jina la aliyeambiwa, hubadilisha sauti ya msimamizi. Wekeni mapatano kabla ya kupanda tangini, si mkiwa juu.

Na kama hayo yote yamepita na mtu ameshaanguka ndani, hana kamba: piga kelele, zuia mdomo wa shimo kwa miili yenu, na mmoja apige 999 au 112. Usiseme tu kuna ajali. Sema mtu amezimia ndani ya shimo na hewa ni mbaya, waje na mitungi ya kupumulia. Zima injini zilizo karibu. Mkiwa na feni au kipulizia cha mkono, pulizeni hewa safi ndani bila kuacha. Shusheni kamba yenye kitanzi, kama bado ana fahamu atajivika. Akitoka, mlazeni ubavu penye upepo, na kama hapumui na kuna mtu aliyefunzwa, aanze kumkandamiza kifua. Ikiwa ni gesi ya choo, msimpulizie mdomo kwa mdomo. Mvueni nguo zilizolowa, mtafutieni gari, na hata akisema yuko sawa, mpelekeni hospitali usiku huo huo, kwa maana mapafu yaliyovuta gesi ile yanaweza kujaa maji saa nyingi baada ya mtu kuinuka na kuomba chai.